Mifumo ya simu iliyokufa mikononi mwetu

Wiki iliyopita ndugu mmoja mwenye diploma mpya kabisa aliniandikia: "Mukubwa, niko na dola 200. Nichukue Android mpya ao iPhone ya okazioni?" Nilianza kumjibu kwa maneno mawili, nikafuta. Swali lile liko na historia, na sehemu moja ya historia ile iliniumiza mimi mwenyewe.

Tuelewane kwanza. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamsha simu na kuruhusu programu zingine zote zifanye kazi. Android ni mfumo wa Google, iOS ni wa Apple. Leo tunaona kama viko viwili tu tangu dunia iumbwe. Hapana. iPhone ilitangazwa Januari 2007, na simu ya kwanza ya Android ikaingia sokoni 2008. Kabla yao mkubwa alikuwa Symbian, ule mfumo wa Nokia za wasomi wa wakati ule, na BlackBerry ilikuwa ya watu wa ofisi.

Miaka ileile, huku Walikale, watu walikuwa wakibeba kasiterite mgongoni kutoka Bisie, gunia la kilo 50, kwa mguu porini hadi Njingala. Kisha ndege za mizigo zilitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, zikachukua mzigo kwenda Goma. Kasiterite inatoa bati, na bati njo inaunganisha vipande ndani ya simu. Koltani ya Rubaya, kwetu Masisi, inatoa tantalum ya vile vidude vidogo vinavyotunza umeme. Inakadiriwa Rubaya peke yake inatoa asilimia 15 hivi ya tantalum ya dunia. Nayasema haya juu kuna wenzetu wanaobishana eti mfumo huu ni msafi kuliko ule. Madini yanaingia kiwandani kabla mtu hajaweka mfumo wowote. Desemba 2024 serikali yetu ilipeleka mashtaka Ufaransa na Ubelgiji juu ya matawi ya Apple kuhusu madini ya huku, na Apple ikakana. Lakini usidhani mwenye Android mfukoni anaweza kucheka.

Turudi kwa mifumo. Februari 2011 mkubwa wa Nokia, Stephen Elop, alitangaza kwamba wanaiacha Symbian na kwenda na Windows Phone ya Microsoft. Mwaka 2014 Microsoft ikamaliza kununua kabisa kazi ile ya simu za Nokia, na bado haikusaidia. Watengenezaji wa programu hawakufuata, na mfumo bila programu ni sawa na duka bila bidhaa. Halafu WhatsApp ikaanza kufunga milango: Symbian katikati ya 2017, BlackBerry mwisho wa 2017, Windows Phone mwisho wa 2019. Simu zenyewe hazikuwa zimeharibika. Betri nzima, kioo kizima, lakini huwezi tena kuwasiliana na watu wako.

Kwa nini Android ilitushika sisi? Wengi watasema bei, na ni kweli: Google iliwapa watengenezaji mfumo bure, ndiyo maana 2011 Kenya waliuza Huawei Ideos kwa shilingi 8,000 hivi. Lakini bei haitoshi kueleza. Huku kwetu kilima kimoja kinashika rezo hii, kilima kingine ni ile. Mutu anahitaji kadi mbili, na Tecno na Itel walielewa mapema. iPhone ilipata namba mbili mwaka 2018 tu. Tena tulikuwa tunapeana nyimbo, mahubiri na notisi za kozi bila intaneti: Bluetooth, Xender, ao kijana wa sokoni anayekujazia kadi ya memori. iPhone haina nafasi ya kadi ile, na haikukubali kutumia Bluetooth kutuma wimbo kwa simu ya jirani. Hakuna aliyekaa chini kulinganisha mifumo. Tulichukua ile inayoongea na simu za wenzetu.

Sasa yangu. Nilikuwa na simu ya mfumo mmoja kati ya ile iliyokufa, na sitaitaja. Mama mudogo wangu alikuwa akinitumia sauti kila alipokimbia kijiji: tumefika, tumelala kanisani, watoto wako wazima. Nilipobadili simu nilidhani mazungumzo yatanifuata pamoja na namba. Namba ilikuja, mazungumzo yalibaki. Wakati ule hayakuweza kuvuka kutoka mfumo hadi mwingine. Hata kati ya iPhone na Android njia rasmi ilianza kufunguka 2021. Ningeweza kuhamisha sauti zile moja moja kwenye kompyuta, lakini sikuuliza mutu. Kosa ni langu. Mama mudogo alifariki 2018.

Kwa hiyo, ndugu wa dola 200, usianze na jina. Uliza mfumo umebakiza miaka mingapi. iPhone inapata toleo jipya kwa miaka mingi kuliko Android nyingi za bei ndogo, hilo tukubali. Lakini ya okazioni imeshakula miaka ile mikononi mwa mtu mwingine: iPhone 6 ilikatwa na WhatsApp mwaka 2025. Tena hakikisha akaunti ya mwenyewe wa kwanza imetolewa, ama utanunua kioo tu. Android nayo, angalia namba ya toleo palepale dukani kabla ya kutoa makuta. Iliyo mpya kwenye boksi inaweza kuwa na mfumo wa zamani.

Jana ameniandikia: amechukua Android ya kadi mbili, na muuzaji alichoka na maswali yake.

Mimi ile simu ya zamani ningali nayo, betri imevimba. Mwenye kujua fundi pale Goma anayeweza kuifungua bila kugusa kumbukumbu zake, aniandikie.