Kiwanja cha Crossmaglen

Kusini mwa kaunti ya Armagh, katika ile sehemu ya Ireland iliyobakia chini ya himaya ya Uingereza nchi ilipogawanywa mwaka 1921, kipo kijiji cha Crossmaglen, chenye wakazi wasiofika elfu mbili, maili chache tu kutoka mpakani. Na mgeni akiuliza kijiji hicho kina nini cha kujifaharisha nacho mbele ya miji mikubwa, aghalabu ataelekezwa kwenye kiwanja cha mpira kilichopewa jina la Mtakatifu Oliver Plunkett, yule askofu mkuu wa Armagh aliyeuawa na serikali mjini London mwaka 1681.

Klabu ya Crossmaglen Rangers iliasisiwa mwaka 1887, miaka mitatu baada ya Michael Cusack na wenzake kukutana Thurles na kuunda chama cha kuhuisha michezo ya asili ya Kigaeli. Katika mpira wa Kigaeli kila upande una watu 15, nao wana ruhusa ya kuudaka mpira na kuupiga kwa mguu au kwa ngumi. Ukipita juu ya mtambaa panya kwa kawaida ni pointi moja, ukiingia wavuni ni tatu. Hakuna alipwaye ujira, na kwa desturi kijana huchezea parokia ya kwao, kama babaye na ami zake walivyofanya. Desturi hii ya mwisho ndiyo asili ya mengi nitakayoyaeleza, kwani klabu ya namna hiyo hainunui wachezaji, wala haihami.

Na sababu za kuhama hazikukosekana. Kiwanja kilipakana na kituo cha polisi, na machafuko ya Ireland ya Kaskazini yalipopamba moto jeshi la Uingereza likakigeuza kituo hicho kuwa ngome, hata katika miaka ya 1970 likatwaa na sehemu ya ardhi ya klabu. Helikopta zikawa zikishuka na kupaa pale pale ubavuni mwa kiwanja, pengine watu wakiwa wamo mchezoni. Malalamiko ya klabu yaliendelea kwa miaka mingi. Walakini insafu yanilazimu niongeze kwamba askari na polisi wengi waliuawa katika vichochoro na mashamba ya nchi ile, na ya kuwa chama cha michezo chenyewe kilikuwa na kanuni, ya 21, iliyowazuia askari na polisi wa Uingereza kujiunga nacho. Ilipofutwa mwaka 2001, kati ya kaunti sita za kaskazini ni Down peke yake iliyokubali.

Katika hali hiyo ndipo lilipoinukia kundi la vijana ambao haukuonekana mfano wao. Tangu 1996 hadi 2008 hapakuwa na klabu nyingine iliyotwaa ubingwa wa Armagh, na tarehe 17 Machi 1997, katika uwanja wa Croke Park, waliishinda Knockmore ya Mayo wakawa mabingwa wa Ireland nzima, kisha wakarudia 1999 na 2000. Mwalimu wao alikuwa Joe Kernan, mwana wa hapo hapo, aliyekuwa amechezea timu ya kaunti ya Armagh iliyoshindwa na Dublin katika fainali ya kaunti za Ireland ya 1977. Mwaka 2002 yeye ndiye aliyeiongoza kaunti katika fainali kama hiyo dhidi ya Kerry, na wakati wa mapumziko, Kerry wakiwa mbele kwa pointi nne, akaitoa ile tuzo ya washindwa ya 1977 akaitupa ukutani mbele ya wachezaji wake. Oisín McConville, kijana wa Crossmaglen aliyekuwa amekosa penalti, alirudi akafunga goli, na Armagh ikalichukua kombe kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Wapo wasemao kwamba ngome ndiyo iliyowatia ukali. Sioni hivyo. Ngome ilikuwapo robo karne nzima kabla ya klabu kulichukua kombe lake la kwanza la Ireland nzima, nayo haikuwapa kitu. Kilichowapa ni kizazi kimoja cha watoto wa parokia moja, ndugu na mabinamu, waliofunzwa pamoja tangu utotoni. Jeshi lilihama mwaka 2007, mwaka ule ule klabu ilipolichukua kombe la nne, na baada ya hapo ikalichukua tena 2011 na 2012.