Nani Humkagua Mhudumu? Usimamizi wa Huduma za Utengemao Kamina na Haut-Lomami

Mji wa Kamina ni njia panda. Reli iliyojengwa na kampuni ya BCK kutoka Bukama kuelekea Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, ilikamilika mwaka 1928. Mwaka 1956 ikaongezwa ile ya kwenda Kabalo, na kwa njia hiyo Katanga ya kusini ikaunganishwa na reli iendayo Ziwa Tanganyika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wabelgiji walijenga kambi kubwa ya jeshi na uwanja wa ndege karibu na mji. Tangu mwaka 2015 Kamina ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, mojawapo ya majimbo yaliyozaliwa Katanga ilipogawanywa. Reli, jeshi na utawala: kila kimoja kati ya hivi kimekuwa na watu wake waliopoteza mguu, mkono au nguvu za misuli, na kila kimoja kimekuwa na namna yake ya kuwatunza au kutowatunza. Swali linalochunguzwa hapa ni jembamba zaidi: katika historia hiyo, ni nani aliyewahi kuwa na haki ya kuliuliza dola limewafanyia nini watu hao, na dola likalazimika kujibu?

Kwanza neno lenyewe. Katika Kiswahili cha Katanga, kama ilivyokuwa kwingineko, 'kilema' ni neno la ngeli ya KI-VI ambalo kwa vizazi vingi halikutenganisha mtu na kasoro yake. Waandishi wa Afrika Mashariki walilihamishia wazo hilo katika ngeli ya watu, 'mlemavu', kisha wakafikia 'mtu mwenye ulemavu'. Huduma nayo imebadilishiwa jina. Vyuo vya serikali ya Tanzania, kikiwamo kile cha Yombo jijini Dar es Salaam, viliitwa vyuo vya marekebisho. Lakini marekebisho hufanyiwa pia mitambo na katiba, na neno hilo humweka mtu mahali pa kitu kilichoharibika. 'Utengemao' lina nafuu, kwa kuwa anayetengemaa ni mtu mwenyewe. Ndilo linalotumika katika makala haya, ingawa nyaraka za Kongo, zilizoandikwa kwa Kifaransa, hazikuwahi kulijua.

Mtu wa kwanza kutambuliwa na sheria alikuwa mfanyakazi. Mwaka 1949 serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilitoa amri kuhusu fidia kwa wafanyakazi Waafrika walioumia au kuugua kutokana na kazi. Amri hiyo haikutokana na huruma tu. Kampuni za reli na za migodi zilikuwa zimetumia gharama kubwa kuwaweka wafanyakazi na familia zao karibu na kazi, na mwili wa fundi au mpakiaji ulikuwa na thamani iliyoweza kuandikwa kitabuni. Kwa hiyo jeraha lilipimwa kwa asilimia ya uwezo wa kazi uliopotea. Aliyesimamia utekelezaji alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni. Mwenye jeraha alikuwa mtu wa kupimwa, si wa kuuliza. Hata hivyo ni lazima kukiri kwamba hapo ndipo wazo la deni lilipoingia: kwamba kuna mtu anayedaiwa kwa mguu uliokatika.

Wazo hilo lilipewa chombo baada ya uhuru. Sheria-amri ya tarehe 29 Juni 1961 iliunganisha mifuko iliyokuwapo, ya posho za familia, ya ulemavu na ya pensheni, ikaunda Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, maarufu kwa kifupi cha INSS, ambayo mwaka 2018 ilirithiwa na mfuko unaoitwa CNSS. Kwa aliyeumia kazini, sheria hiyo haikuishia kwenye fedha. Ilihesabu pia matibabu, viungo vya bandia na utengemao kuwa sehemu ya haki yake. Na bodi yake ilikuwa na pande tatu: serikali, waajiri na wafanyakazi. Kwa karatasi, mfanyakazi wa reli wa Kamina alikuwa na mwakilishi katika chumba ambamo hesabu za mguu wake wa bandia zilipitishwa. Nchi nyingi hazikufika hapo wakati ule.

Lakini kiti ni kitu kimoja na anayekikalia ni kitu kingine. Mwaka 1967 vyama vya wafanyakazi viliunganishwa kwa nguvu ya utawala wa Mobutu kuwa chama kimoja, ambacho baadaye kiliitwa UNTZa, nacho kikawekwa chini ya mbawa za chama tawala, MPR. Wingi wa vyama haukurudi hadi mwaka 1990. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, upande wa wafanyakazi katika chombo chochote cha pande tatu ulisemewa na chama ambacho hakikuwa huru na upande wa serikali. Pande zilibaki tatu katika maandishi. Katika uamuzi zilikuwa mbili, na pengine moja.

Kisha fedha yenyewe ikaanguka. Mwezi Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni tatu. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 20,000. Na mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Mwenye kupenda hesabu atazidisha na kuona kwamba faranga hiyo moja ilibeba zaire za zamani bilioni 300. Malipo yoyote ya ulemavu yaliyopangwa kabla ya hapo na kuachwa bila kupandishwa yalitoweka bila mtu yeyote kuyaiba. Hili ni jambo la kuzingatiwa na wanaodhani kuwa usimamizi ni kukagua vitabu. Vitabu vinaweza kuwa safi, kila stakabadhi mahali pake, na mwenye haki akarudi nyumbani na kiasi kisichonunua hata mpira wa chini ya mkongojo. Mkaguzi wa hesabu huuliza kama fedha zilitoka. Haulizi kama mtu alisimama.

Nje ya lango la kampuni hali ilikuwa tofauti kabisa, na hapa mfano mmoja unatosha. Tarehe 22 Aprili 2014 treni ya mizigo ilianguka Katongola, kaskazini ya Kamina. Makumi ya watu walikufa na wengine wengi walijeruhiwa. Miongoni mwao walikuwamo waliodandia mabehewa kwa kuwa treni ya abiria ilikuwa adimu. Dereva aliyeumia siku ile alikuwa na sheria iliyoanza mwaka 1949 nyuma yake, hata kama sheria hiyo ilikuwa imedhoofika. Mwanamke aliyepanda juu ya behewa na gunia lake hakuwa nayo. Ajali moja, reli moja, mfupa uleule uliovunjika. Lakini mmoja alikuwa mdai na mwingine alikuwa mwombaji. Tofauti kati ya maneno hayo mawili ndiyo historia nzima ya jambo hili.

Kuhusu askari maneno machache yatatosha. Kambi ya Kamina ilitwaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1960, ikarudi mikononi mwa jeshi la taifa, na baada ya vita vya 1998 hadi 2003 ikawa mojawapo ya mahali pa kuwachanganya wapiganaji wa pande mbalimbali katika jeshi moja. Majeruhi wa vita ni suala la jeshi lenyewe, na jeshi, Kongo kama kwingineko, halina desturi ya kuulizwa na raia.

Kwa wengine wote mlango uliobaki ni wa kanisa. Vituo vinavyojulikana zaidi mashariki mwa nchi vina majina ya Kiswahili yanayopendeza sikioni, Heri Kwetu huko Bukavu na Shirika la Umoja huko Goma, na vyote viwili ni vya Kanisa Katoliki. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imevisaidia vituo vya namna hiyo kwa miguu ya bandia na mafunzo ya mafundi. Kazi yao ni njema na haihitaji kutetewa. Ila wafadhili hupelekewa taarifa na wafadhili ndio huuliza maswali. Taarifa husafiri kuelekea Geneva kabla ya kufika, kama inafika, kwa diwani au mbunge wa jimbo. Na kutoka Kamina hadi Goma au Bukavu si safari ya mtu anayetembea kwa mikono.

Mahali ambapo dola, likisaidiwa na dunia, limeonyesha kuwa linaweza kumfuatilia mtoto mmoja hadi kijijini kwake ni katika vita dhidi ya polio. Virusi vya asili vya polio vilionekana Kongo mara ya mwisho mwaka 2011. Lakini mwezi Juni 2017 ilitangazwa kwamba virusi vya aina ya pili vilivyotokana na chanjo ya matone vilikuwa vinasambaa katika Haut-Lomami na Maniema. Virusi hivyo huzuka pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa: virusi dhaifu vya chanjo hupita kutoka mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu mpaka virudiwe na nguvu ya kupoozesha. Wilaya za afya za kando ya Lualaba, ikiwamo Malemba-Nkulu, zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika. Mwaka huo nchi nzima ilithibitisha watoto 22 waliopooza kwa virusi hivyo, na mwezi Februari 2018 wizara ya afya ikatangaza hali ya dharura.

Inafaa kutazama jinsi uchunguzi wa polio unavyofanyika, kwa sababu ni mfano wa usimamizi uliokamilika. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye kiungo chake kimelegea ghafla hutolewa taarifa. Huchukuliwa sampuli mbili za kinyesi, kwa muda usiopungua saa 24 kati yake, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanza. Sampuli husafirishwa katika ubaridi hadi Kinshasa, kwa pikipiki, mtumbwi na ndege. Siku 60 baadaye mtoto anapaswa kutazamwa tena, hasa pale sampuli zilipokosa kukidhi masharti, ili ijulikane kama ulegevu umebaki. Utaratibu wenyewe nao hukaguliwa: jimbo linalotoa taarifa za watoto wachache kuliko inavyotarajiwa kwa idadi ya watu wake huulizwa sababu, na angalau asilimia 80 ya watoto hao lazima wawe na sampuli zinazofaa. Hakuna huduma ya jamii katika Haut-Lomami iliyowahi kusimamiwa kwa ukali wa namna hii.

Kinachofuatiliwa, hata hivyo, ni virusi. Siku ya 60 ikithibitisha kwamba mguu haukurudi, jibu hilo huwa ushahidi kwa wataalamu wa maambukizi, na faili limetimiza kazi yake. Masharti ya uchunguzi hayaulizi kama mtoto alipata chuma cha kutegemeza mguu, kama mama alifundishwa kuunyosha mguu huo usikakamae, au kama mtoto anafika shuleni. Wala si kosa la waliobuni utaratibu huo. Waliubuni ili kuumaliza ugonjwa. Lakini umeiondoa hoja moja iliyozoeleka, kwamba vijiji vya Haut-Lomami haviwezi kufikiwa. Vilifikiwa mara mbili kwa mtoto mmoja, kwa tarehe zilizopangwa.

Katika sheria mambo yamesonga mbele, kwa mwendo wa kinyonga. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2006 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu, na inalipa dola wajibu wa kukuza uwepo wake katika vyombo vya taifa, vya majimbo na vya mitaa. Kongo ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Ibara yake ya 26 inahusu utengemao, na ya 33 inataka watu wenye ulemavu wenyewe washiriki katika kufuatilia utekelezaji. Sheria iliyoahidiwa na Katiba ilitoka tarehe 3 Mei 2022, miaka 16 baadaye.

Majirani walitangulia, na uzoefu wao unafundisha kwa pande zote mbili. Sheria za Tanzania za mwaka 1982 ziliunda baraza la kumshauri waziri, na ushauri, kama ujulikanavyo, husikilizwa na anayetaka kusikiliza. Uganda ilikwenda mbali zaidi: sheria ya serikali za mitaa ya 1997 iliweka katika mabaraza madiwani wawili wenye ulemavu, mmoja wao mwanamke. Hilo liliibadilisha sura ya mabaraza, na hakuna aliyekaa humo anayeweza kulidharau. Ila ruzuku maalumu iliyofuata ilielekezwa kwenye vikundi vya kujipatia kipato, si kwenye karakana za miguu ya bandia. Kiti kilipatikana, kilichohesabiwa hakikubadilika sana.

Haut-Lomami ina bunge la jimbo, na ibara ya 197 ya Katiba inalipa bunge hilo kazi ya kuisimamia serikali ya jimbo pamoja na huduma za umma za jimbo na za mitaa. Mbunge hahitaji sheria mpya ili kumwuliza waziri wa jimbo anayehusika na afya. Majina, vijiji na tarehe za watoto waliopooza tangu 2017 vilikwisha andikwa na watumishi wa afya. Swali lililobaki ni moja, nalo linaweza kuulizwa kwa kila jina katika orodha: baada ya siku ya 60, nani alirudi?