Frasila Mbili: Somo la Wapagazi wa Tabora kwa Mwanachuo wa Leo

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Tabora, alikuja ofisini kuniaga. Hakuwa amefukuzwa wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa amechoka. Alisoma kozi saba, jioni alifanya kazi katika kibanda cha uwakala wa fedha, alikuwa kiongozi katika serikali ya wanafunzi, na kila kazi ya darasani aliianza usiku wa kuamkia siku ya kuikusanya. Ulimini nilikuwa na neno tulilozoea kuwaambia vijana: jipange. Nikasita. Neno hilo tumeligeuza kuwa lawama, ilhali lilipaswa kuwa maarifa. Badala yake nikamkumbusha habari za mababu zake.

Katika karne ya 19 Tabora, ambayo wasafiri wengine waliiita Kazeh, ilikuwa njiapanda ya misafara. Kutoka pwani watu walikuja kwa miguu, na kutoka hapo njia moja ilielekea Ujiji na nyingine kaskazini, hadi Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani. Majina yao tunayakumbuka. Waliobeba mizigo katika njia ile, ambao wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya upagazi kwa ujira, hatuyajui majina yao. Siipambi biashara ile: njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na ndui na njaa viliua wapagazi wengi. Lakini elimu ya kufika mbali bila kuvunjika ilikuwa yao.

Elimu hiyo ilianza na kipimo. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32, na juu yake mpagazi alibeba vyombo na chakula chake. Aliuinua, akaupima begani, ndipo akaukubali. Aliyezidishiwa aligoma, au alitoweka usiku. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa manung'uniko juu ya tabia hiyo, wakiiita ukaidi. Mimi naiona kuwa hesabu ya mtu anayejua kwamba mbele yake kuna miezi, si siku moja.

Kisha kulikuwa na mwendo. Msafara uliondoka alfajiri, kirangozi akiwa mbele na bendera, na kwa kawaida ulipiga kambi kabla jua halijawa kali. Siku iliyobaki ilikuwa ya kupika, kutengeneza na kupumzika. Palikuwa pia na mwendo wa dharura, ulioitwa terekeza. Katika pori lisilo na maji, kama lile la Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyamwezi, watu walikula na kujaza vibuyu mchana, wakaondoka jua likiwaka, wakatembea hadi jioni, wakalala pasipo maji, na kesho yake wakayafikia maji ya mbele. Terekeza ilichukiwa na kila mtu. Ilifanywa pale tu nchi ilipolazimisha, na ilifanywa kwa maandalizi.

Hapo kijana wangu alicheka kwa mara ya kwanza. "Basi mimi, Mwalimu, nafanya terekeza kila siku, tena bila kibuyu." Ndivyo ilivyo kwa wengi. Kukesha, ambako kunafaa kuwa silaha ya akiba, kumekuwa ratiba.

Jambo la tatu ni posho. Neno hili tunalolisikia bungeni na katika semina lilikuwa chakula cha msafarani: kibaba cha nafaka kwa siku, au vitambaa na shanga za kununulia chakula cha siku kadhaa. Aliyemaliza posho yake mapema alitembea na njaa mpaka siku ya mgao. Fedha za Bodi ya Mikopo, ambazo wanafunzi huziita "bumu", zina kanuni ileile. Kabla ya kununua simu mpya, zigawe kwa idadi ya wiki za muhula. Kinachopatikana ndicho kibaba chako.

Hata hivyo, ningekuwa mnafiki kama ningeishia hapo. Mpagazi hakujipanga peke yake. Alikuwa na wenzake wa kambi moja na mnyampara wa kumsemea mbele ya mwenye mali. Mwanachuo wetu tunamwachia kila kitu begani, kisha akianguka tunasema hakujipanga. Siku ile nilifungua kalenda tukaijaza pamoja, naye akanionyesha wiki moja yenye majaribio matatu. Moja lilikuwa langu. Sikuwa nimemuuliza mwenzangu yeyote ameweka lake lini. Chuo kinachofundisha utawala na mipango kinashindwa kupima mzigo wa mwanafunzi mmoja, jambo ambalo msafara wa mwaka 1857 ulilifanya kwa bega na macho.

Tulikaa karibu saa nzima. Aliandika kila alichobeba, na saa kila kitu kinachokula kwa wiki. Aliamua kuuachia uongozi na kupunguza zamu mbili za kibandani. Kazi zilizobaki tulizigawa vipande vya asubuhi, saa mbili mbili kabla ya vipindi, na usiku mmoja tu wa kukesha kwa mwezi, uliotajwa tarehe yake mapema. Barua yake ya kuahirisha masomo aliikunja akairudisha mfukoni. Hakuichana, wala sikumwomba aichane.

Jumatatu alikuwa darasani. Jaribio langu nimelisogeza mbele kwa wiki moja, na nimewaandikia wenzangu katika idara nikiomba tukae tulinganishe tarehe kabla ya muhula ujao. Mpaka leo wamejibu wawili.