Mchezo wa bei ndogo, safari ya bei kubwa: namna vijana wa frizbi wanatafuta feza za kwenda mashindano ya dunia

Kijana anapata habari kwamba amechaguliwa kuchezea timu ya taifa. Nyumbani wanashangilia. Kisha inafika karatasi ya pili, ile ya hesabu, na mwenye kuilipa ni yeye mwenyewe pamoja na wazazi wake. Katika mchezo wa frizbi, jambo hilo ni la kawaida hata kwa vijana wa inchi tajiri kama Uingereza, Kanada na Australia.

Frizbi ni mchezo gani?

Ile sahani ya plastiki ambayo watoto wanarushiana ina mchezo wake rasmi, unaitwa altimeti. Ulianza mwaka 1968 kwenye shule ya sekondari ya Columbia, katika mji wa Maplewood, jimbo la New Jersey, Marekani.

Timu mbili za watu 7 kila upande zinacheza kwenye uwanja wa majani wenye urefu wa metre 100 na upana wa metre 37. Sahani yenyewe ina gramu 175. Mwenye kuishika haruhusiwi kukimbia nayo. Anasimama, na mpinzani anamhesabia sekunde 10 ili awe ameirusha. Ikianguka chini, inakuwa ya wapinzani. Anayeidaka ndani ya eneo la mwisho, lenye metre 18, anaipatia timu yake pointi moja. Kwa kawaida timu ya kwanza kufikisha pointi 15 ndiyo inashinda.

Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Wachezaji wenyewe wanasema kosa liko wapi na wanasikilizana, hata kwenye mashindano ya dunia. Mechi ikiisha, kila timu inaipa ingine alama juu ya adabu na uaminifu wake. Kuna pia mashindano ambamo wasichana na wavulana wanacheza katika timu moja.

Juu ya nini mchezaji anajilipia?

Shirikisho la dunia la mchezo huu, WFDF, liliundwa mwaka 1985. Mwaka 2015 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua kikamilifu. Lakini kutambuliwa si kuingizwa kwenye michezo ya Olimpiki. Mwezi wa Oktoba 2023, michezo mitano iliongezwa kwa Los Angeles 2028, na frizbi haikuwemo.

Hapo ndipo feza inakwama. Serikali nyingi zinasaidia kwanza michezo yenye kuleta medali za Olimpiki, na makampuni yanapenda michezo inayoonekana kwenye televisheni. Basi mashirikisho mengi ya frizbi yanaweza kuchagua timu na kuiandikisha, lakini hayana uwezo wa kulipia watu wote ndege. Mchezo ambao unaomba sahani moja na uwanja tu, kumbe kwenda kuucheza mbali kunaomba mali nyingi.

Vijana wanachangisha namna gani?

Huko ng'ambo wanaosha magari, wanauza keki na jezi, wanafundisha watoto kurusha sahani, au wanafungua kampeni kwenye intaneti. Anayefungua kampeni kwenye GoFundMe lazima awe katika inchi ambazo ukurasa huo unakubali, na Congo haimo. Kijana wa huku angehitaji ndugu anayeishi Ulaya au Marekani amfungulie kwa jina lake mwenyewe, na ndugu huyo ndiye anabeba jukumu la feza zote.

Kwa hapa kwetu njia zinazojulikana ni zingine: jamaa wanakutana na kila mmoja anatoa, kanisa au msikiti unatangaza, marafiki wanatuma kwa M-Pesa au Airtel Money. Ndivyo familia nyingi zinavyochangia masomo na matunzo ya hospitali. Juu ya hiyo, mchezo unafika nyuma kwenye foleni, na kijana anapaswa kueleza vizuri kwa nini anaomba.

Hesabu inabeba nini?

Tike ya ndege ni sehemu moja tu. Kuna ada ya kuandikishwa, malazi na chakula, jezi, viatu, kambi ya mazoezi na pasipoti. Kama mashindano yako katika inchi za Schengen, ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi wakikataa. Tena wanaomba bima ya afya ya safari inayofikia angalau euro 30.000. Mtoto asiyefika umri wa miaka 18 anahitaji ruhusa ya wazazi kwa maandishi.

Maombi ya viza hiyo yanapokelewa kuanzia miezi 6 mbele ya safari, na mwisho ni siku 15. Kwa mwenye kuishi mashariki mwa Congo, ubalozi mara nyingi uko Kinshasa. Kwa hiyo safari ya kwanza, ya ndani ya inchi, nayo inaingia kwenye hesabu.

Mambo ya kuangalia mbele ya kutoa

Nafasi kwenye timu ya taifa inapitia shirikisho la taifa. Barua inayotoka kwa mtu asiyejulikana kwenye WhatsApp, yenye kuomba feza za haraka ili jina lisifutwe, ni ya kuogopa. Mzazi apige simu kwa shirikisho mwenyewe, kwa namba aliyoitafuta yeye, isiwe ile iliyoandikwa kwenye barua.

Mchango ushikwe na watu wawili au watatu, na kijana asiwe peke yake. Kila kilichoingia kiandikwe, na hesabu isomwe mbele ya waliotoa. Tike isilipwe yote mbele ya viza kutoka, isipokuwa kama ni ile inayorudishiwa feza.

Na kuna swali moja linalofaa kujibiwa siku ya kwanza, mbele ya mtu yeyote kutoa hata franka mia tano: safari ikikosekana, feza inarudi kwa wenyewe, inangojea mwaka mwingine, ama inanunua sahani za watoto wa kartie? Kijana ambaye alikwisha kulijibu mbele ya watu ataweza kurudi kuwaomba tena.