Safu ya Lugha: Skeli fupi si gitaa dogo

Siku hizi gitaa lolote dogo, hata la mtoto, linaitwa la "skeli fupi". Sivyo. Skeli tumeitoa kwenye Kiingereza, nacho kwenye Kilatini scala, yaani ngazi. Kwenye gitaa si ile ngazi ya do, re, mi, bali urefu wa uzi unaotetema, toka mwisho wa shingo, upande wa kichwa, hadi darajani. Tumbo halihusiki: Gibson ES-355 ya mpiga bluzi B.B. King ni pana, lakini skeli yake ni inchi 24.75; Stratocaster, iliyo nyembamba, ina 25.5. Fender Mustang, iliyotoka 1964, ina 24. Mpiga bluzi huisikia tofauti hiyo kidoleni: kwenye skeli fupi, nyuzi za unene uleule, zikikazwa kwa sauti ileile, huwa laini zaidi, na kuusukuma uzi upande hadi upande toni nzima hakumchoshi sana. Dukani, basi, ulizia inchi.