Babu, Unapata Choo?

Siku ya tatu babu akiwa hajagusa chakula, tumbo limevimba kama ngoma, tulimteremsha kutoka Masama hadi Kwa Sadala, na pale barabara kuu tukapata gari la kwenda hospitali. Daktari, kijana wa rika langu, alimwuliza swali linaloulizwa wagonjwa kila siku: "Babu, unapata choo?" Babu alinitazama mimi, akamtazama bibi, kisha akautazama ukuta. "Niko salama," akasema.

Hakuwa salama. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana ilikuwa imejisokota kama kamba na kujiziba. Alipasuliwa usiku uleule, akapona. Nilimwuliza bibi kwa nini siku zote tatu hakumwuliza mumewe kitu. Akanijibu kwa upole, "Mwanaume haulizwi hayo, mwanangu."

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na jibu lile lilinipeleka maktaba.

Huko nikakutana na ngoso. Wachagga wa zamani walidai kwamba kijana akishapitishwa jandoni, njia yake ya haja kubwa huzibwa. Tangu siku hiyo, ilisemekana, hutunza tumboni kila anachokula. Ngoso ndicho kizibo chenyewe, na ndicho kilichomtenga mwanaume kamili na watoto pamoja na wanawake. Bila shaka hapakuwa na kizibo chochote. Wanaume walijificha tu, na siri waliyoapishwa kuitunza ilikuwa kwamba hawakuzibwa. Wanawake nao walijua, wakafundishwa kujifanya hawajui.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliandika mengi kuhusu mafundisho ya jando la Wachagga. Mwaka 1976 mwanaanthropolojia wa Marekani, Sally Falk Moore, alichapisha makala nzima juu ya siri hiyo. Aliisoma kama lugha ya kufunga na kufungua: mwanamke hujifunga anapobeba mimba, damu yake ikabaki ndani ikawa mtoto, mwanaume, asiyeweza kubeba mimba, alijitungia mfungo wake.

Nilipofika hapo nilikumbuka Krismasi za nyumbani, mbuzi anapochinjwa na sisi wasichana kupewa beseni la matumbo. Ukilikata tumbo la mbuzi unakuta vyumba vinne: kikubwa chenye vinyweleo kama taulo, cha pili chenye vijumba kama sega la nyuki, cha tatu chenye kurasa kama kitabu, na cha nne kinachofanana na tumbo letu. Lakini utotoni kilichonishtua ni utumbo mwembamba. Mbuzi ameshakufa, kichwa kiko kando, na utumbo bado unajinyonganyonga kwenye beseni kama una safari yake.

Na kweli unayo. Ukuta wa utumbo una tabaka mbili za misuli, moja ya mduara na nyingine ya urefu, na kati yake umetandazwa mtandao wa neva. Mwaka 1899, jijini London, William Bayliss na shemeji yake Ernest Starling walikata neva zote zinazotoka nje kwenda kwenye utumbo wa mbwa. Kisha wakaubana utumbo sehemu moja. Upande wa juu ulikaza, upande wa chini ukalegea, na kilichokuwemo kikasukumwa mbele bila amri ya ubongo. Mwaka 1902, mwaka uleule Gutmann anafika mlimani, wakagundua kwamba utumbo hutuma hata ujumbe wa kemikali kwenye damu ili kuiamsha kongosho. Miaka mitatu baadaye Starling akazipa kemikali za aina hiyo jina la homoni.

Basi katika njia yote hiyo, takriban mita 9 kwa mtu mzima, hiari yetu inatawala ncha mbili tu. Tunaamua kumeza, na tunaamua kubana kidogo mwishoni, kwa msuli mmoja wa nje. Wazee wetu waliichukua ncha ile ndogo tunayoitawala, wakajengea juu yake madai ya kuitawala njia nzima, na pamoja nayo nyumba na wake.

Sidai kwamba ngoso ndiyo iliyomfunga babu mdomo. Alizaliwa miaka ya 1940, akabatizwa, hakupitia jando lile. Aibu ya choo ipo duniani kote. Lakini najua kwamba siri ikishakufa, adabu iliyoizunguka inaweza kubaki: mwanaume hasemi, mwanamke haulizi. Utumbo wa babu ulipojifunga kikweli, adabu ile ilitugharimu siku tatu.

Mwezi uliopita nilimkuta Kwa Sadala, ameketi kivulini akimsubiri bibi anunue ndizi. Nikajipa moyo, nikamsimulia habari ya ngoso. Alicheka hadi akashika kovu lake.

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Aliyaandika Mmarekani mmoja, babu. Mwanamke."

"Mwanamke?" Akanyamaza, akaangalia magari yakipita kwenda Arusha. Bibi alikuwa anakuja na mkungu kichwani. Kabla hajatufikia, babu aliinamisha kichwa karibu na sikio langu.

"Leo asubuhi," akasema, "nimepata."