Cyrano de Bergerac: pua ikiondolewa, hadithi inabaki?

Filamu inapotengenezwa kutokana na tamthilia ya zamani, watazamaji huuliza imebadilishwa kiasi gani. Tutazame tamthilia moja ya mapenzi, Cyrano de Bergerac, ya Mfaransa Edmond Rostand, iliyoigizwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1897.

Cyrano ni askari hodari na mshairi, lakini ana pua kubwa ajabu. Anampenda Roxane, ila anaogopa kuchekwa. Roxane naye amempenda Christian, kijana mwenye sura nzuri asiyejua kupanga maneno. Basi Cyrano anamwandikia Christian barua za mapenzi, na usiku mmoja anajificha gizani chini ya roshani na kumsemea. Christian anauawa vitani. Cyrano ananyamaza miaka 15, hadi siku anayokufa. Siku hiyo Roxane anampa barua ya mwisho ya Christian aisome. Giza linaingia, macho hayaoni tena, naye bado anasoma. Ameihifadhi kichwani kwa sababu aliiandika yeye.

Mwaka 1950 José Ferrer, mzaliwa wa Puerto Rico, aliigiza Cyrano katika filamu ya Marekani na kupata tuzo ya Oscar. Mwaka 1990 Wafaransa walitoa ya kwao, Gérard Depardieu akiwa Cyrano. Hiyo ilipunguza maneno lakini ikabakiza mashairi yenye vina. Wote wawili walivaa pua ya bandia.

Steve Martin naye, katika Roxanne ya mwaka 1987, alimfanya Cyrano kuwa mkuu wa zimamoto katika mji mdogo wa Marekani. Pua ipo, kubwa kweli, lakini mwishoni hafi, anapata mpenzi wake. Ni filamu ya kuchekesha na tunaipenda, ila uzito wa ile miaka ya ukimya umepotea.

Filamu ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Joe Wright, iliondoa pua kabisa. Cyrano ni Peter Dinklage, mwigizaji mwenye kimo kifupi, na Christian ni Kelvin Harrison Jr., Mmarekani mweusi. Kwa maoni yetu, hii imekuwa aminifu kuliko inavyodhaniwa. Hofu ya kudharauliwa kwa sababu ya mwili ndiyo kiini cha hadithi, na Dinklage haivui jioni kama pua ya kubandika. Watu wenye maumbile kama yake wamezoea kuona wakipewa nafasi za kuchekesha tu. Hapa mmoja wao anapenda, anapigana kwa upanga na kufa kwa heshima.

Hata hivyo kuna hasara. Katika tamthilia, mtu anapomtukana Cyrano kwa pua yake, yeye humjibu kwa kuorodhesha matusi bora zaidi ambayo mjinga huyo angeweza kuyatumia. Pua ilipoondoka, hotuba hiyo nayo iliondoka, na ndiyo iliyokuwa ikichekesha kuliko zote.